Kitanda cha Mwalimu Revocatus

Ukitaka kumsikia Scholastica akicheka bila furaha, mtajie kitanda cha dukani. Mwanamke huyu wa Kerende ameolewa na fundi wa vitanda kwa miaka thelathini na minne, na miaka yote hiyo amelishwa habari za vitanda asubuhi, mchana na wakati wa kula. Hakuomba ujuzi huo, lakini umemwingia. Mwonyeshe kitanda chochote, atakuambia kitadumu miezi mingapi, na hatakuambia kwa upole.

Mumewe ni Nyangwine. Banda lake la kazi liko mbele ya mji wao wa nyumba tatu, pembeni mwa barabara, mabati machache juu ya nguzo za mkaratusi. Nyangwine hatumii misumari. Mguu wa kitanda anautoboa tundu kwa patasi, ubavu anauchonga ulimi, ulimi unagongwa uingie tunduni kwa nyundo ya mti, kisha anapigilia kijiti kigumu cha kuufunga usitoke. Kazi hiyo hula wiki mbili, na zaidi kama mbao ina ubishi. Mafundi wa Nyangoto wanamaliza kitanda kwa siku mbili, gundi na misumari, kwa sababu vijana wenye hela za dhahabu hawana subira. Nyangwine akilazimika kupita kwao hugeuza uso kama mtu aliyeona mlevi amelala mtaroni.

"Wale wanauza kelele," huwaambia wateja wake. "Kitanda wanakutupia kama nyongeza."

Wateja hucheka. Scholastica hacheki tena, maana ameisikia kauli hiyo mara elfu, na kila mara Nyangwine huisema kana kwamba imemjia sasa hivi. Tena yeye anajua kitu ambacho wateja hawakijui. Kitanda anachokilalia yeye, mke wa fundi huyo mkubwa, ni kile alichojifunzia Nyangwine kabla hawajaoana. Kina mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha mbao chini yake. Ameahidiwa kitanda kingine tangu Joel hajazaliwa, na Joel sasa ana mke.

Jambo moja Nyangwine hakulikosa hata siku moja. Kitanda kikishakamilika, kabla hakijapakwa vanishi, huvua viatu, hutandika mkeka juu ya chaga, na kukilalia. Mchana kweupe, mbele ya barabara, pikipiki zikipita. Hulala chali, hugeukia ubavu wa kulia, hugeukia wa kushoto, kisha huketi ghafla ukingoni. Akisikia mlio hata mdogo, kitanda hakitoki bandani. Wapita njia humtania kwamba amechoka kabla ya kufanya kazi, naye hawajibu. Baada ya mwezi hufunga safari mpaka kwa mteja kukisikiliza tena. Scholastica huona aibu kuwa na mume anayelala hadharani, lakini hajawahi kusikia mtu akilalamika kwamba kitanda cha Nyangwine kinalia.

Sasa, mtoto wa fundi huyo, Joel, anayeendesha gari la maji kule Nyamongo, alipooa mwaka jana alihitaji kitanda. Mgeni atauliza shida iko wapi, baba si yupo. Shida ni kwamba kwa Wakurya, baba hana biashara na kitanda cha mwanawe. Chumba cha mkwe wake haingii, kitanda chake hakioni wala hakizungumzii, na akikutana na mkwe huyo njiani, kila mmoja anampisha mwenzake akiangalia pembeni. Ni heshima, na ikivunjwa kuna mbuzi wa kuchinjwa na wazee wa kuitwa, na mwanamke husika hawezi kuinua uso. Kwa hiyo mji wenye fundi bora wa vitanda kata nzima ulikuwa na kijana mmoja asiyeweza kulala juu ya kazi ya fundi huyo.

Joel angeweza kwenda kwa wapiga misumari wa Nyangoto. Hakwenda, kwa kuogopa kuchekwa. Akafanya la kuchekesha zaidi. Alikwenda Sirari, akarudi na kitanda cha sita kwa sita, kichwani kina kioo, pembeni kina taa zinazobadilika rangi, na ndani yake hakuna mbao hata moja, ni unga wa mbao uliogandishwa na kubandikwa karatasi yenye picha ya mti.

Scholastica alikizunguka mara moja.

"Hiki umenunua ukilalie au ujitazame?" akamuuliza mwanawe.

"Mama, ndivyo watu wa siku hizi wanavyolala."

"Watalala. Subiri mvua."

Hakikungoja mvua. Mwezi wa pili kilianza kusema. Mtu akijigeuza kilisema, akikohoa kilisema, na mji ni nyumba tatu zinazotazamana. Eunice, jirani ambaye hana mume wala kazi ya kumzuia mdomo, alimuuliza Scholastica bombani, mbele ya wanawake wenye ndoo, kama kwao wamefunga mashine ya kukoboa. Scholastica alimjibu kwamba bora mashine kuliko nyumba isiyo na hata wa kukohoa, na wanawake wakacheka upande wake. Lakini alirudi nyumbani amekasirika, na zaidi alimkasirikia mumewe. Mtu huyo husikia chaga iliyolegea akiwa nje ya nyumba ya mteja. Sasa alilazimika kuwa kiziwi katika mji wake mwenyewe. Alikula akitazama sahani. Kile kitu kilikuwa kinamtukana kila siku, na hakuruhusiwa hata kusema kwamba amekisikia.

Mwezi wa sita kona moja ilikatika. Joel akaweka tofali. Kona ya pili ikafuata, kioo kikapasuka, na Rhobi, mkewe, akalitoa godoro akaliweka sakafuni. Rhobi ni msichana mtulivu kutoka upande wa Serengeti, asiyelalamika, na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba.

Asubuhi moja Scholastica alikwenda kuomba chumvi akamkuta amepiga magoti kando ya godoro, ameshika mguu wa meza, anajaribu kusimama. Joel alikuwa ameshaingia zamu. Rhobi alijaribu mara tatu kabla Scholastica hajamshika kwapani akamnyanyua. Mikono yake ilikuwa baridi kwa saruji.

"Kila siku unaamka hivi?"

"Joel akiwepo ananivuta." Rhobi alifuta uso. "Mama, nilikuwa nataka kuomba ruhusa. Mwezi ujao niende kwetu nikajifungulie kule. Kwa mama kuna kitanda."

Maneno hayo hayakusemwa kwa hasira, ndiyo maana yalimchoma. Scholastica alijua jinsi yatakavyosikika upande wa pili, mbele ya watu waliopokea ng'ombe wa Nyangwine kwa furaha. Binti yao amerudi na tumbo lake kwa sababu nyumba ya fundi vitanda haina kitanda. Na alijua kwamba mwanamke akishapumzika kwa mama yake, si rahisi kumrudisha kwenye saruji. Mjukuu wake wa kwanza angetambaa katika ua wa watu wengine.

"Nipe mwezi mmoja," alimwambia. "Usimwambie mtu."

Akatafuta mtu wa kuagiza kitanda kwa jina lake. Kila aliyemfikiria alimwona mjinga au mropokaji, na si kwamba alikosea. Mwisho akamchagua Revocatus, mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi, kijana mwenye ndevu asiyeoa, Mnata wa kule Serengeti, ambaye mambo ya wakwe wa Kikurya hayamhusu. Joel alitoa pesa kimyakimya, kwa aibu. Scholastica alimfundisha mwalimu maneno ya kusema, akamrudisha kuyasema upya, kisha akaenda kuketi karibu na banda na ungo wa maharage ili asikie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Nimekuja kuagiza kitanda."

Nyangwine aliweka randa chini. "Cha nani?"

"Changu mwenyewe. Tano kwa sita. Cha mbao ngumu, kisilie. Na miguu iwe mifupi."

"Mifupi? Wewe ni mrefu, mura."

Mwalimu alimtupia jicho Scholastica, naye akainamia maharage.

"Ninaogopa kuanguka," akasema Revocatus.

Scholastica alitamani kumpiga na ungo. Kumwachia mtu anayefundisha watoto kwamba jibu ni moja tu kazi ya kudanganya, hilo lilikuwa kosa lake mwenyewe. Lakini Nyangwine hakucheka wala hakuuliza zaidi. Alimtazama mwalimu kwa muda, akasema amesikia, akamwambia arudi baada ya wiki tatu.

Kisha akafanya jambo lililomshangaza mkewe. Alizunguka nyuma ya nyumba, akatoa chini ya maturubai ule ubao wa mvule alioutunza miaka kumi na moja. Watu wenye magari walishauomba akawaambia si wa kuuza. Sasa aliuweka mezani kwa ajili ya mwalimu wa shule ya msingi anayeogopa kuanguka.

Kwa wiki tatu Scholastica aliishi na dharau tamu. Alimwona mumewe akichonga ndimi zile moja moja, akizijaribu, akizirudia. Alimwona akizungusha kona za ukingo kwa msasa mpaka zikawa laini za kupitisha shavu, na akiongeza mguu wa tano katikati, chini ya chaga, ambao hakuna aliyeuomba. Moyoni alicheka. Huyu ndiye anayejua kila kitu. Huyu ndiye asiyedanganyika kuhusu mbao, anaijua iliyokaushwa na iliyokaushwa kwa haraka, na amefungwa macho na kijana asiyeweza hata kusema uongo wa maana. Mara mbili alimpelekea uji bandani bila kuombwa, apate kumtazama vizuri zaidi.

Siku kitanda kilipokaribia kukamilika alikuwa anachambua mchele. Alimwona Nyangwine akikung'uta maranda kwenye suruali, na mikono yake ikasimama juu ya ungo.

Kesho mchana atakilalia.

Alikuwa amefikiria mwalimu, pesa, njia ya kukipitisha, maneno ya kumwambia Eunice. Kitu kimoja ambacho mumewe alikifanya mbele ya macho yake kwa miaka thelathini na minne hakukifikiria. Mbao ni mbao mpaka iingie chumbani kwa mtu, hilo alikuwa amejiambia, na wazee wenyewe wasingelibishia sana. Lakini baba mkwe kulala chali juu ya kitanda cha mkwe wake, mbele ya barabara, akijigeuza kulia na kushoto, hilo halikuwa na maelezo. Siku itakapojulikana, na hapo Kerende hujulikana, Rhobi asingengoja mwezi. Angeondoka siku hiyohiyo, na hangekuwa na makosa.

Jioni alikwenda kumwambia Revocatus aje mapema akichukue kabla hakijapakwa. Mwalimu akaja asubuhi, Nyangwine akamjibu neno moja, bado, akamrudisha shuleni. Scholastica akauchukua mkeka akauficha chini ya gunia la mahindi, akijua kabisa kwamba ni upuuzi, maana mtu huyo ameshalalia chaga tupu mara nyingi. Aliwaza kumwaga maji juu ya kitanda. Aliwaza kuanguka na kujifanya mgonjwa. Alijidharau kwa kila wazo na akaendelea kuwaza.

Saa sita Nyangwine alivua viatu.

Scholastica alikuwa amesimama kando ya banda na sufuria mkononi ambayo hakukumbuka aliichukulia nini. Mumewe hakuulizia mkeka. Alisimama pekupeku mbele ya kile kitanda, akakitazama. Aliweka kiganja juu ya ubavu akauegemea kwa uzito wake wote. Alikwenda upande wa pili akaegemea tena, ameinamisha sikio. Kisha akaketi kwenye kigoda, akavaa viatu, akafunga kamba, na kuanza kufungua kopo la vanishi.

"Hukilalii?" Swali lilimtoka kabla hajalizuia.

"Mgongo unauma."

Mgongo wake haujawahi kumzuia kulala. Nyangwine alikoroga vanishi kwa kijiti, taratibu, macho yake ndani ya kopo.

"Mwalimu Revocatus ana kitanda changu," alisema. "Cha mninga. Nilikilalia mwaka juzi, mwezi wa tatu. Wakati wa Pasaka nilipita kwake kukisikiliza. Hakina shida yoyote."

Scholastica alihisi uso unamwaka. Alikuwa amemtafuta mtu kata nzima, akawakataa wote kwa ujinga wao, na mwisho akamchagua mmoja wa watu ambao mumewe alishawatengenezea kitanda. Tena mumewe hasahau kitanda hata kimoja. Alijua tangu siku ya kwanza. Alijua alipotoa ubao wa mvule, alipozungusha zile kona, alipoongeza mguu wa tano, na alipokunywa uji aliopelekewa kwa dharau. Scholastica alikasirika kwanza kwa kuachwa acheze peke yake wiki tatu. Kisha hasira ikapungua ikabaki aibu, na aibu hiyo ilikuwa kubwa.

"Baba Joel," alianza.

"Alhamisi vanishi itakuwa imekauka," Nyangwine akamkata, bila ukali. "Mimi Alhamisi nina safari ya Nyangoto. Nitachelewa kurudi. Mwalimu aje na mkokoteni akichukue kitanda chake."

Nyangwine hakuwa na kazi yoyote Nyangoto, na wote wawili walijua. Alhamisi alivaa koti akaondoka asubuhi. Joel na Revocatus walikibeba kitanda kwa kupita migombani, wakakiingiza ndani, wakatoa vipande vya kile cha kioo, na Scholastica akavichoma nyuma ya choo. Moshi wake ulinuka gundi. Nyangwine aliporudi alipita katikati ya ua bila kugeuza shingo.

Siku tatu zilipita. Hakuna aliyesikia kitu kutoka nyumba ile, na Eunice alilazimika kutafuta habari kwa majirani wengine. Rhobi hakutaja tena kwenda kwao. Scholastica alikuwa na maneno mdomoni tangu asubuhi hadi jioni na hakuwa na njia ya kuyasema. Hangeweza kumwambia mumewe kwamba hakilii. Kumwambia ilikuwa ni kukitaja, na kukitaja ilikuwa ni kumfanya ajue kile ambacho amejitahidi kisijulikane. Vitanda vyake vyote amevifuata majumbani kwa watu. Hiki kilichokuwa hatua ishirini kutoka bandani, kizuri kuliko vyote, hatakisikiliza kamwe.

Siku ya nne jua lilitoka ua haujafagiwa. Rhobi hufagia kabla ya mapambazuko, hata akiwa na tumbo lile, na Scholastica alipoona majani ya jana bado yametapakaa alishuka ngazi amekunja uso. Wakwe wa siku hizi. Wape kitanda cha mvule, watakugeuza mfanyakazi. Alikuwa ameshafika nusu ya njia kwenda kuugonga mlango alipotazama bandani.

Nyangwine alikuwa ameketi kwenye kigoda. Nyundo ya mti ilikuwa mapajani, na mbele yake mguu wa kitanda na ubavu wake vilikuwa tayari kugongwa. Mteja wake Daudi, aliyekuja mapema kusimamia kazi yake, alikuwa amesimama anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Mzee, hatuanzi?"

"Tutaanza."

"Unangoja nini?"

"Keti, mura. Na usiongee kwa sauti."

Daudi aliketi. Jua lilipanda. Kuku walisogea upande wa nyumba ya Joel wakianza makelele yao, Nyangwine akainuka mwenyewe, mzee wa heshima, akawafukuza kwa kuwapungia kofia bila kusema neno, akarudi kwenye kigoda chake. Macho yake hayakugusa mlango ule hata mara moja.

Scholastica alirudi nyuma. Alichukua ufagio akafagia ua wote peke yake, akianzia mbali, bila kuukwangua udongo. Alikuwa amemdharau mumewe kwa mambo mengi kwa miaka mingi, na mengine kwa haki kabisa. Asubuhi hiyo alitafuta hata moja la kumdharau nalo akakosa, na kilichomjaa kifuani badala yake kilimfanya asimame mara mbili kuegemea ufagio.

Saa nne mlango ulifunguliwa. Rhobi alitoka amevimba macho kwa usingizi, ameshtuka kwa jua, akamwona baba mkwe wake bandani, akavuta kitenge kichwani na kugeukia pembeni. Nyangwine naye alimpa mgongo, kama inavyopasa. Kisha akainua nyundo akagonga.